Ukingo wa Simu na Mkono wa Kakuta

Soipan na Wachira walichukiana kabla ya chai ya saa nne.

Walikuwa wamekutana asubuhi hiyo hiyo, katika chumba cha mikutano nyuma ya hoteli moja ya Kitengela. Kampuni fulani ya ng'ambo inayotengeneza simu ilitaka kujua watu wa Kajiado wanapenda simu yenye ukingo wa aina gani, na kampuni ya utafiti ya Nairobi ikapewa kazi ya kwenda kuwauliza. Wachira alikuwa msimamizi kutoka Nairobi. Soipan alikuwa mmoja wa vijana sita walioandikwa kuzunguka na maswali, na alipewa kazi hiyo kwa sababu alizaliwa Kajiado, anajua Kimaasai, na hana haya ya kumsimamisha mtu asiyemjua.

Wachira alipanga mezani simu tatu bandia. Zilikuwa na uzito wa simu na kioo cha simu, lakini haziwaki. Ile iliyoandikwa A ilikuwa na kingo bapa, zimenyooka kama za sanduku. B ilikuwa na kingo za mviringo, kama sabuni iliyooshewa siku mbili. C kioo chake kilikuwa kimepinda, kikamwagikia pande zote mbili kama uji unaotaka kufurika. Mtu angeshika kila moja kwa dakika kumi, huku akijifanya anaandika mesej, kisha aulizwe maswali.

Wachira akasoma swali la tisa kwa sauti: "Je, kingo za kifaa hiki zinakupatia ustarehe wa kiganja?"

Soipan akainua mkono. "Hilo swali watu hawatalielewa. Si tuulize tu, inakuuma? Na kama inakuuma, wapi?"

"Jina lako nani?"

"Soipan."

"Soipan, wewe umeletwa hapa kusoma maswali. Wa kuyatunga walisomea."

Watu wakaangalia chini. Soipan alikuwa na diploma yake nyumbani, kwenye bahasha ya kaki, na alikuwa amefanya kazi za namna hii mara nne. Alishusha mkono polepole. Aliyemwona uso alijua kwamba neno hilo limeingia na halitatoka.

Siku mbili za kwanza walifanya kazi Kitengela. Soipan aliwauliza wauza maziwa, mafundi wa welding, dada wa saluni, mawakala wa mashamba. Na jambo la ajabu likajitokeza, likawa linajirudia kwa kila mtu wa pili. Mama mmoja wa maziwa, ambaye mikono yake ilikuwa imepasuka kwa maji baridi ya kuoshea mitungi, alishika A dakika tatu akaanza kuihamisha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Inakata hapa," akasema, akionyesha kidole cha mwisho, kile kinachobeba simu kwa chini. "Kama mdomo wa mkebe."

"Na B?"

"B iko sawa. Hata sijui kama nimeishika."

"Sasa kama ungekuwa unanunua leo, ungechukua gani?"

"A," yule mama akasema bila kufikiri.

"Si imekuuma?"

"Imeniuma, ndiyo. Lakini hiyo ndiyo simu ya watu walio na maisha. Simu haishikwi na mkono peke yake, mwanangu. Inashikwa na macho ya watu pia."

Soipan aliandika yote kwenye tableti, neno kwa neno.

Jioni ya siku ya pili, saa kumi na moja, Wachira akawaita wote chumbani. Alikuwa amefungua majibu ya Soipan kwenye kompyuta yake.

"Watu kumi na tisa," akasema, "wamesema A inawauma. Kumi na wanne kati yao wanasema watainunua. Hii ni nini?"

"Ni vile walisema."

"Mtu hawezi kusema kitu kinamuuma halafu akakitaka. Hapa umekaa chini ya mti na soda, ukajaza mwenyewe. Hii ni data ya kupika."

 Katika kazi ile hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Mtu akishaitwa mpishi wa data, hakuna kampuni itakayomwandika tena.

Soipan akamtazama miguuni. "Hivyo viatu vyako vilivyochongoka mbele, vinakuuma. Tangu juzi unavivua chini ya meza ukidhani hatuoni. Mbona ulivinunua?"

Purity, msichana aliyekuwa akikaa karibu na Soipan, akacheka kabla ya kujizuia. Halafu wengine wakacheka. Wachira hakucheka. Masikio yake yaliiva, akafunga kompyuta taratibu kana kwamba ingevunjika.

"Kesho mnaenda Kajiado mjini," akasema. "Wewe nitakupigia watu wako wote, mmoja mmoja. Nikipata hata mmoja wa uongo, utanijua."

"Piga," Soipan akasema.

Kesho yake ilikuwa siku ya mnada Kajiado, na vumbi la ng'ombe lilikuwa limeshapanda juu ya mabati kufikia saa tatu. Soipan aliingia mnadani na jambo moja tu kichwani: kuleta majibu ambayo Wachira hawezi kuyagusa. Kila mtu angeandikwa jina, namba, na kila kilichoonekana kwa macho.

Mzee Kakuta alikuwa amesimama kando ya zizi, fahali wake sita nyuma yake. Alikuwa mtu wa Kisaju, mfanyabiashara wa ng'ombe wa miaka mingi, mrefu, kofia nyeusi kichwani. Alimwamkia Soipan kwa "Takwenya," naye akaitikia "Iko" na kuinamisha kichwa aguswe utosini, kama mtoto wa watu. Mzee akakubali kuulizwa, kwa kuwa mnunuzi wake alikuwa bado hajafika.

Alishika B kwa mkono wa kulia, dakika kumi zikapita vizuri. Alishika C, ikamteleza mara moja akaidaka, akasema haina pa kushika. Kisha akashika A. Dakika ya nne Soipan aliona mkono wa mzee unatetemeka. Ya tano, mzee akaihamishia kushoto, akaangalia huku na huku.

"Baba, inakuuma?"

 Kakuta alijibu kwa Kimaasai, kwa sauti ya chini. Miaka miwili nyuma, kule Illasit, fahali alikurupuka wakati wa kupakiwa kwenye lori, kamba ikapita kiganjani mwake kama moto. Vidole viwili vya mwisho havijafunga tangu siku hiyo. Ule ukingo bapa ulikuwa unakaa juu ya kovu lenyewe.

"Hapa mnadani hakuna anayejua," akasema. "Wakijua siwezi kushika kamba, hawatanunua asubuhi. Watangoja jioni, wakijua siwezi kupakia wanyama kurudi nao nyumbani, wanipe bei ya mgonjwa. Umenielewa, entito, binti yangu?"

"Nimeelewa, baba. Itabaki kwangu."

"Vizuri."

"Na ukinunua, utachukua ipi?"

Mzee akatabasamu kidogo. "Hiyo mbaya. Hiyo A. Nikiiweka mezani mbele ya wale wa kununua mashamba, hawataniuliza maswali mengi."

Wakaagana. Soipan akaenda kukaa kwenye jiwe nyuma ya kibanda cha chai akamalizie kujaza. Mwisho wa maswali palikuwa na nafasi iliyoandikwa "Mambo uliyoyaona," na kwa kawaida watu huiacha wazi. Alikaa akiitazama. Aliikumbuka ahadi yake. Ilikuwa haijamaliza hata robo saa. Lakini alikumbuka pia lile neno, data ya kupika, na namna lilivyosemwa mbele ya watu. Akaandika: *Mkono wa kulia hauna nguvu. Vidole viwili havifungi, aliumia kwa kamba ya fahali. A inakandamiza kovu. Hata hivyo anachagua A.* Akasoma mara ya pili, akaona ni jibu lililosimama wima, lisiloweza kusukumwa na mtu. Akabonyeza kutuma, na alipobonyeza alijisikia vizuri sana. Alisema moyoni: sasa na aje.

Na Wachira akaja. Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, alianza kupiga simu za kuhakiki.

Kakuta wakati huo alikuwa Kisaju, kwenye hoteli ndogo kando ya barabara ya Namanga, akinywa chai na wanunuzi watatu. Mmoja wao aliitwa Lemein, na ndiye aliyekuwa akiwataka wale fahali sita waliokosa bei mnadani. Simu ilipolia, Kakuta aliilaza mezani akaiweka spika, kama alivyofanya siku zote. Wenzake walidhani ni majivuno. Ukweli ni kwamba hakuweza kuishikilia sikioni kwa mkono wa kulia.

"Mzee Kakuta? Mimi ni Wachira, wa ule utafiti wa simu. Nahakiki tu. Hapa imeandikwa mkono wako wa kulia hauna nguvu, vidole viwili havifungi, uliumizwa na fahali. Ni kweli?"

Vikombe vilitulia mezani. Lemein akauangalia mkono wa mzee, uliokuwa umelala karibu na sahani ya mandazi, na vidole viwili vimesimama.

"Ni uongo," Kakuta akasema.

"Kwa hivyo hukumwambia msichana wetu hivyo?"

"Sijaongea na msichana yeyote."

Wachira akamshukuru sana.

Saa tano na nusu ujumbe uliingia kwenye kikundi cha WhatsApp cha kazi: *Soipan amepatikana na data ya kupika. Asiendelee. Kesho saa tatu afike Kitengela atie sahihi maelezo. Majina ya wapishi tunayapeleka kwa kampuni zote.* Soipan aliusoma akiwa amesimama katikati ya soko la Kajiado na simu A mkononi. Alisoma tena. Kisha Purity, aliyebaki Kitengela na Wachira siku hiyo, akampigia, akamweleza kwa kunong'ona yale aliyomsikia Wachira akisema kwenye spika yake mwenyewe, neno kwa neno, pamoja na jibu la mzee, na sauti za wanunuzi zilizosikika mezani kwake, maana naye aliweka spika.

Soipan akatafuta matatu ya Kisaju. Kusingiziwa aliweza kuvumilia. Hili lingine lilikuwa lake mwenyewe.

Alifika Kisaju saa nane. Alimkuta Kakuta nyuma ya hoteli ile ile, amekaa peke yake kwenye benchi, kofia juu ya goti. Soipan aliinamisha kichwa. Mzee hakuinua mkono kumgusa.

"Wewe ndiye ulisema itabaki kwako," akasema kwa Kiswahili. Hakutaka hata kuongea naye lugha yao.

"Ni mimi, baba."

"Lemein amenipa bei ya wale fahali. Nikikuambia ni bei gani utalia. Amenipa kwa upole, ananiita mzee wangu, ananiuliza kama nimeona daktari."

"Baba, yule mkubwa wangu aliniita mwongo mbele ya watu. Nilitaka aone kwamba..."

"Mlikuwa mnapigana nyinyi wawili," Kakuta akamkata. "Mkatafuta fimbo, mkaona mkono wangu. Sivyo?"

Soipan alifungua mdomo. Alikuwa amekuja na maneno mengi, ameyapanga njia nzima: kwamba nafasi ya kuandika ilikuwepo, kwamba Wachira hakupaswa kuyasoma kwa sauti, kwamba mwenye simu ndiye aliyeweka spika. Yote yalikuwa kweli, na yote aliyaona yamekuwa makapi.

"Ni hivyo," akasema. "Pole, baba."

"Pole haifungi vidole."

 Mwisho akasema, na alijua ni aibu kusema, "Kesho saa tatu, kwenye hoteli ya Kitengela tunakokutana, wananiandikia kwamba nilitunga. Ukiwaambia tu kwamba tuliongea..."

Kakuta akacheka kicheko kikavu. "Kumbe umekuja kuomba." Akavaa kofia. "Enda, kabla sijasema neno ambalo mzee hasemi kwa mtoto wa mtu."

Kesho yake saa tatu Soipan aliingia kile chumba cha Kitengela. Karatasi ilikuwa tayari mezani, imepigwa chapa, kalamu juu yake. Purity na wale wengine wanne walikuwa wamekalishwa pembeni, na Soipan akaelewa kwamba wameitwa waje kuona.

"Soma, utie sahihi," Wachira akasema.

Aliisoma. *Nakiri kwamba nilibuni majibu ya watu wote arobaini niliowauliza.*

"Sitii sahihi."

"Mtu wako mwenyewe amekukana."

"Amenikana kwa sababu ulisoma siri yake mbele ya wanunuzi wake. Na kosa langu mimi ni kuiandika, hilo niandikie nitasaini sasa hivi. Lakini watu arobaini sikutunga. Piga wengine. Weka spika, hapa, kila mtu asikie."

"Sina huo wakati."

"Uko na wakati wa kuandika karatasi ya uongo na hauna wa kupiga simu tatu?"

Wachira akasimama. "Unajua shida yako? Umezoea kuongea kana kwamba..."

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Kakuta aliingia, fimbo mkono wa kushoto, akawaangalia wote mmoja mmoja. Mhudumu wa hoteli alikuwa nyuma yake akimwambia mzee subiri, na mzee hakuwa akisubiri.

"Nani Wachira?"

"Ni mimi. Wewe ni...?"

"Kumbe ni wewe ile sauti."

Akaenda mezani. Simu tatu bandia zilikuwa zimepangwa pale. Akaegemeza fimbo kwenye kiti, akaichukua A kwa mkono wa kulia, akainyanyua usawa wa macho ya Wachira. Walihesabu kimya kimya, kila mtu kwa hesabu yake. Mkono ulianza kutetemeka. Mzee akauacha utetemeke. Uso wake ulikunjamana, jasho likamtoka kwenye paji, na bado hakuishusha, mpaka ikamponyoka, ikagonga ukingo wa meza na kuanguka sakafuni.

"Umeona," akasema. "Yule msichana aliandika kweli."

"Lakini mzee," Wachira akasema, sauti imepungua, "jana uliniambia..."

"Jana ulinivua nguo mbele ya watu wanaonunua kwangu. Wewe ungesema nini?"



"Sasa washa hiyo mashine. Futa jina langu. Futa namba. Yale maneno ya mkono, futa. Nasimama hapa mpaka nione."

"Data ikishaingia, kuna utaratibu wa..."

"Nasimama hapa," Kakuta akarudia.

Wachira alikaa akaiwasha. Ilichukua muda, maana vidole vyake vilikosea herufi. Kakuta aliinama juu ya bega lake akafuatilia mstari kwa mstari. Hakujua kusoma haraka, akawa anamwita Purity amsomee kilichobaki. Jina lilipotoka, na namba, na yale maneno ya mkono, akachukua fimbo yake.

Soipan alimfuata hadi mlangoni. "Baba, asante."

Kakuta aligeuka nusu. Safari hii alisema kwa Kimaasai, polepole, ili kila neno lisikike.

"Sikuja kwa ajili yako. Siri yangu imekwisha kutoka, Kisaju nzima wanayo. Nilikuja kuitoa kwenye mashine za watu nisiowajua. Wewe tukikutana mnadani, pita."

Akaenda zake.

Ndani, Wachira alikuwa ameikunja ile karatasi na kuitia mfukoni. Hakuomba radhi. Alisema majibu ya Soipan yatabaki, ila kazi ikija tena asitarajie kupigiwa. Soipan akasema hata akipigiwa hatashika. Wakaachana hivyo. Purity alimsindikiza hadi kwenye lami bila kumwambia lolote, na hilo lilikuwa wema wa kutosha kwa siku ile.

Miezi miwili baadaye Purity, aliyebaki na ile kampuni, aliiona ripoti. Ilikuwa na picha nzuri na ukurasa mmoja mkubwa uliosema watu wa Kajiado wanapenda simu yenye kingo bapa. Swali la tisa halikuwemo. Yule mama wa maziwa, kidole chake, mdomo wa mkebe, hakuna. Soipan alisikiliza, akauliza kama jina la Wachira liko juu. Lilikuwa juu. Akatukana tusi moja la Kimaasai ambalo Purity hakulielewa, wala hakuomba kutafsiriwa.

Kazi nyingine alipata kwa watu wa maji, ya kuhesabu visima, na inampeleka Kajiado siku za mnada. Kakuta humwona. Mara ya kwanza Soipan alishika upande wa pili wa zizi na kupita, akitazama mbele.

Wale fahali sita walienda kwa Lemein, kwa bei ya Lemein. Tangu hapo mzee aliacha ng'ombe, akaingia biashara ya mbuzi, wanaovutika kwa mkono mmoja. Pale mnadani, ambako habari ya mkono haijafika, watu wana maneno yao: wengine wanasema ni uzee, wengine wanasema ukame wa mwaka ule ulimvunja. Wakati mwingine wanamwambia hivyo Soipan mwenyewe, wakijaza muda huku wakingoja chai. Yeye husikiliza, akaitikia kwa kichwa, wala hajawahi kumsahihisha mtu.